Kuvunjwa kwa Kamati ya Taya

Ndugu Mkuu wa Wilaya, ambaye gari lako leo limepanda mpaka huku bila kusukumwa na mtu; Ndugu Katibu wa Chama wa Kata; Baba Paroko; Daktari Eustace, mtaalamu wa meno, uliyetoka Dar es Salaam na mkoba wa vifaa ukidhani utavihitaji; wakwe zetu wa Turiani mkiongozwa na mchumba mwenyewe, Mwalimu Patrick; wazee wangu, shikamooni; wanakijiji wenzangu wa Kijiji cha Ujamaa Tudumu; na wewe mpwa wangu Regina, uliyesimama pale mlangoni pa ghala na upindo wa kanga mdomoni. Nawasalimu nyote kwa niaba ya Kamati ya Taya, kamati ambayo umri wake uliobaki ni urefu wa hotuba hii, na ndiyo maana sina haraka.

Kwa wageni msionifahamu, mimi ni Andrea Kobelo, mwenyekiti wa kamati hiyo tangu ilipoundwa. Tena mimi ni mjomba wa Regina, na kwetu sisi Waluguru, kama mnavyojua, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba si mtu wa kuja kula pilau na kuondoka. Dada yangu, mama yake Regina, alifariki mtoto huyu akiwa hajaota hata jino moja. Kwa hiyo meno yote mtakayosikia habari zake leo yaliota mbele ya macho yangu, na naomba muelewe kwamba sizungumzi kama mtu wa pembeni.

Tumekusanyika kwa mambo mawili. La kwanza ni kumuaga Regina, ambaye anakwenda Turiani kuolewa na kufundisha. La pili ni kumkabidhi rasmi kizuizi chake cha meno, na kwa kufanya hivyo kuivunja kamati. La kwanza naliweza. La pili nimelipinga katika vikao vyote isipokuwa cha mwisho, na mkiona nimenuna, msitafute sababu nyingine.

Ndugu wageni waalikwa, tulianzaje? Tulianza na taya. Regina alikua vizuri, mwili na akili, lakini taya lake la chini liliamua kutangulia. Liliondoka likaacha la juu nyuma, mpaka meno ya chini yakawa yanasimama mbele ya yale ya juu kama watu wasiojua foleni. Hakuweza kuuma hindi la kuchoma. Ilibidi alipukuchue, na watoto wenzake wakawa wanamchungulia na kucheka. Ndipo alipojifunza kuziba mdomo kwa upindo wa kanga, akila, akicheka, hata akisali.

Alipomaliza darasa la saba, wakati sisi tumeshahamishwa kutoka kule juu mlimani na kuletwa hapa barabarani, alichaguliwa kuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Hakuwapo mwingine aliyejua kusoma ambaye pia alikuwa na subira na sisi. Akafuta ubao, akashusha kanga, akatufundisha. Nasi tulisoma kwa bidii, kwa kumwangalia mdomo, kwa kumfuatisha alivyofanya. Mnakumbuka kilichotokea alipokuja Mkaguzi wa Elimu?

Aliwasimamisha wazee mmoja mmoja wasome. Mzee Kondo, ambaye namwona pale mbele, alisimama, akashika kitabu, akatokeza kidevu mbele kama droo iliyofunguliwa, akasoma sentensi nzima bila kosa. Akafuata mama yangu mzazi, Bibi Rosa, naye akatokeza kidevu. Darasa zima, kidevu mbele. Mkaguzi akauliza, "Wazee wangu, mbona mnafanya hivyo?" Bibi Rosa akamjibu, "Mwanangu, kwani wewe unasomaje?" Sisi tuliamini kwamba kusoma ndivyo kulivyo, na tulipomwona Mkaguzi anasoma kidevu kimekaa mahali pake tulidhani amefika shule lakini hakumaliza.

Ndugu Mkuu wa Wilaya, wewe ulikuwa bado hujaletwa kwetu, lakini naamini umesimuliwa. Mkaguzi yule hakucheka. Aliandika barua, na barua ile ndiyo iliyompeleka Regina Dar es Salaam kwa Daktari Eustace. Kijiji kikajichanga kwa ndizi, maharage na nanasi, kila kaya ikatoa, Wakristo na Waislamu, hata wale ambao kila mara wakiitwa kwenye shamba la pamoja huwa wana mgonjwa nyumbani.

Regina alikaa huko muda mrefu. Kwanza alivalishwa waya kwenye meno, yakasogezwa polepole kila moja mahali pake. Kisha daktari mgeni, rafiki yake Daktari Eustace, akalikata taya la chini, akalirudisha nyuma, akalifunga. Wiki nyingi mpwa wangu alikunywa uji kwa mrija. Siku aliyoshuka kwenye basi pale Mkuyuni, mimi nilimpita. Nilimpita, ndugu zangu, nikaenda kumtafuta Regina kwenye basi lililofuata. Akaja nyuma yangu akanishika shati akasema, "Mjomba, shikamoo." Nikaitika marahaba, nikakaa chini palepale barabarani nikalia.

Basi tungeishia hapo, kama Daktari Eustace asingekuwa ameandamana naye ili kutupa maelekezo. Alisimama mbele ya mkutano wa kijiji, akainua juu kitu kidogo, kipande cha plastiki cha rangi ya ufizi chenye uzi wa waya kwa mbele. Akasema, "Ndugu zangu, kuyahamisha meno ni kazi ndogo. Kuyabakisha ndiyo kazi. Meno yaliyohamishwa yanatamani kurudi yalikotoka. Nyama za shavu zinayavuta, ulimi unayasukuma, na mwenyewe hana habari kwa sababu amelala. Kwa hiyo kila usiku atavaa hiki kiyazuie, mwaka huu, mwakani, na pengine maisha yake yote."

Kila mtu alielewa papo hapo. Nani asiyeelewa? Sisi wenyewe tulihamishwa. Sisi wenyewe tunaijua ile hamu ya kwenda kuangalia migomba kule juu mara moja tu, halafu jua likazama, halafu ukalala, halafu mkeo akakufuata na sufuria. Ndugu Mkuu wa Wilaya, hapa sizungumzii mtu yeyote, nazungumzia meno. Mzee Kondo, tafadhali usiinamishe kichwa, nimesema nazungumzia meno.

Papo hapo kile kitu kikapewa jina la Kizuizi, na Kamati ya Taya ikaundwa. Na kwa kuwa taya lilitengenezwa kwa ndizi za wote, ikaamuliwa kwa sauti moja kwamba kizuizi ni mali ya kijiji, na mali ya kijiji inakaa ghalani, pamoja na majembe, bomba la kupulizia dawa na mizani. Jioni Regina anakwenda kwa Yunusi, mtunza ghala, anakabidhiwa. Asubuhi anakirudisha. Daktari Eustace alijaribu kusema neno, lakini hoja ilikuwa imeshapita.

Wapo wanaosema leo kwamba kamati ilizidisha. Nauliza, ilizidisha wapi? Daktari alisema ulimi una tabia ya kusukuma meno kila ukimeza, kwa hiyo ufundishwe kukaa juu. Tukamteua Anastasia, kiongozi wa kwaya, kuwa msimamizi wa ulimi. Kila Regina anapokula, Anastasia anakaa mbele yake na kusema, "Ulimi juu, meza." Kazi nzuri. Je, ni kosa la kamati kwamba watoto wote wakaiga, kisha wazazi wao nao wakaiga, na mpaka leo ukienda kilabuni wanaume hawanywi kangara bila mmoja kuinua kata na kusema ulimi juu? Watu wameacha kupaliwa. Hayo nayo ni maendeleo.

Tukaweka ukaguzi wa kila Jumamosi. Daktari alituachia seti mbili za meno ya plasta, mfano wa meno ya Regina, ya zamani na ya sasa, tukayaweka ofisini juu ya kabati. Regina anakaa kwenye stuli, anafungua mdomo, wajumbe wanapita wakilinganisha. Kazi ya wazi, ya pamoja, mbele ya yeyote anayetaka kuja. Na walikuja. Walikuja hata kutoka Mkuyuni siku ya gulio, na mimi nilisimama pale kando ya stuli, nimevaa koti, nikiona fahari. Nasema wazi, sikuwahi kuona fahari kama ile.

Kulikuwa na matatizo, siyafichi. Kuna kikao alisimama Mzee Kondo akauliza: kama kizuizi ni mali ya kijiji, mbona kinatumiwa na mdomo mmoja? Swali lilikuwa zito. Kwa msingi wa usawa hatukuwa na jibu. Ikapendekezwa zamu, na Mzee Kondo kama mwenye hoja akaanza. Alikivaa. Kukivua ikawa kazi, kwa sababu meno yake yaliyobaki yalikikamata kama hayajawahi kupata rafiki. Tulitumia koleo la fundi baiskeli. Mzee alipona, kizuizi hakikupona, na Daktari Eustace akatutengenezea kingine pamoja na maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya Baba Paroko.

Halafu likaja lile la ufunguo. Yunusi alifiwa na baba mkwe kule Mkuyuni, akaenda matangani, na ufunguo wa ghala shingoni. Taratibu zetu zinasema ufunguo hautoki shingoni mwa mtunza ghala, na taratibu hizo niliziandika mimi. Siku zikapita. Regina akaja kwangu, kanga mdomoni, akasema, "Mjomba, nahisi yanasogea." Wengine wakasema tuvunje mlango, lakini kuvunja ghala la kijiji ni hujuma, na nani hapa alitaka kuitwa mhujumu kwa sababu ya meno? Tukamfuata Yunusi. Akasema hawezi kuondoka, matanga hayajaanuliwa. Tukasema basi atupe ufunguo. Akasema, "Mwenyekiti, wewe ndiye uliyeandika."

Tulifanyaje? Tuliyaleta matanga hapa. Wafiwa wote, mikeka, sufuria, walikuja kwa miguu na kwenye baiskeli, wakatandika mbele ya ghala hili hili, na Yunusi akafungua mlango huku analia kilio cha kweli. Regina alipokivaa kilibana, kikagoma, akakisukuma kwa kidole machozi yanamtoka, kikaingia. Msiba mzima ulipiga makofi. Naambiwa marehemu alikuwa mtu wa mzaha na asingekasirika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwalimu Patrick alipoleta posa, kamati ilimwita. Nilimuuliza, "Kijana, una usingizi wa namna gani?" Akasema, "Mzito." Nikamuuliza, "Usiku wa manane ukimkuta mkeo amelala bila kizuizi, utafanya nini?" Akasema, "Mzee, nitakuwa nimelala." Nikamwambia ajibu kwa heshima, hili ni taya la kijiji. Akasema, kwa upole lakini hakuinamisha macho, "Mjomba, mimi naoa Regina. Taya litakuja naye." Sikulala siku ile. Wakwe zetu mnisamehe, nilitoka kwenye kikao nikimwita kijana wenu majina.

Kamati ikatoa pendekezo: Regina aende Turiani, lakini kizuizi kibaki ghalani, na yeye awe anarudi kila Jumamosi kwa ukaguzi. Pendekezo hilo nililiandaa mimi, na nililiona zuri. Ndipo Regina akaomba kusema. Katika vikao vyote vya Kamati ya Taya, alikuwa hajawahi kuomba kusema. Tulikuwa tunamwomba afungue mdomo, na anaufungua, na tunautazama, na anaufunga.

Alisimama, kanga mdomoni kama hivyo alivyo sasa, akasema:

"Wazee wangu, shikamooni. Nawashukuru kwa ndizi zenu, na kwa maharage, na kwa kila mlichonipa. Lakini Mjomba, nina swali. Taya limerudi?"

Nikasema, "Halijarudi. Jumamosi tumepima, liko palepale."

Akasema, "Meno je?"

Nikasema, "Hayajarudi hata unywele."

Akasema, "Na mkono wangu uko wapi?"

Sikuelewa. Nikamwangalia. Bibi Rosa, mama yangu, ndiye aliyeelewa kwanza, akaanza kufunga vizuri kitambaa chake cha kichwa ambacho hakikuwa kimefunguka.

Regina akasema, "Zamani niliziba mdomo kwa sababu watu walikuwa wananichungulia wakicheka. Nilipotoka hospitali nilikaa Dar es Salaam bila kuziba. Nilikula hindi barabarani, Mjomba, nikiwa nimesimama, watu wanapita. Nilipofika hapa mkaanza kunichungulia tena. Hamcheki, najua. Mnanipenda. Lakini mnachungulia. Mkono ukapanda wenyewe. Mmezuia meno, mmezuia ulimi, na huu mkono umerudi ulikotoka mbele ya macho yenu."

Halafu akakaa.

Ndugu Mkuu wa Wilaya, ndugu wageni, mimi ni mtu wa maneno. Nimehutubia mvua isinyeshe siku ya sherehe, na siku nyingine nimeihutubia inyeshe. Lakini siku ile niliweka kalamu chini. Nilitazama yale meno ya plasta juu ya kabati, nikagundua kwamba nayajua kuliko ninavyoujua uso wa mtoto wa dada yangu. Ningeweza kuwachorea kila jino la Regina gizani. Lakini mngeniuliza anavyocheka, nisingeweza kuwaambia. Sijamwona akicheka tangu atoke hospitali. Nimeona kanga ikitikisika tu.

Nikauliza kama kuna anayepinga hoja, ingawa hakuna hoja iliyotolewa. Hakuna aliyepinga. Mzee Kondo akasema, "Mwenyekiti, mtu akipelekwa mahali pazuri, halafu akawa anahesabiwa kila siku kama yupo, atakuwepo, lakini hajafika." Nikamuuliza kama anazungumzia meno. Akasema ndiyo, Mwenyekiti, anazungumzia meno. Ndugu Mkuu wa Wilaya, iko hivyo kama alivyosema.

Kwa hiyo kikao kiliamua. Kizuizi si mali ya kijiji. Meno ya plasta, ya zamani na ya sasa, atayachukua Regina, na akitaka kuyatupa mtoni ni juu yake. Ukaguzi wa Jumamosi umekoma. Daktari Eustace ataendelea kumwona, wawili peke yao, mlango umefungwa, kama anavyoonwa mgonjwa mwingine yeyote. Ulimi wake umerudishwa chini ya usimamizi wake mwenyewe, na tunamshukuru Anastasia. Mwalimu Patrick, wewe huna wajibu wowote katika jambo hili, endelea kulala. Nilikuita majina, nayarudisha yote, isipokuwa lile la mkaidi, hilo ni lako.

Regina, mwanangu. Kizuizi hiki hapa, ndani ya kikopo. Nimekiosha mwenyewe kwa maji ya kisima yaliyochemshwa, na nimekuwa nacho mfukoni tangu asubuhi kwa sababu sikutaka Yunusi awe wa mwisho kukupa. Kukivaa usiku au kutokivaa, utaamua wewe. Mimi nakuomba ukivae. Sikuamrishi, nakuomba, kwa sababu nilikupita pale kwenye basi mara moja na sitaki kukupita tena. Lakini hata yakirudi yote, hata taya lote likitangulia tena mpaka likafika Turiani kabla yako, nitakujua. Haya, mwanangu. Pokea.

Amepokea. Msipige makofi kwanza, bado kuna kipengele kimoja, na hiki ndicho cha mwisho kabisa cha Kamati ya Taya. Amesema angependa kukijaribu, ajue kama kiko sawa kabla hajaanza safari, na kwa hiyo atashusha kanga. Naomba wote mliokaa hapa msimame. Mmesimama? Sasa geukeni, mtazame mlima. Ndiyo, mlima, uko nyuma yenu. Baba Paroko, na wewe. Wakwe zetu, na ninyi. Ndugu Mkuu wa Wilaya, kwa heshima zote na kwa unyenyekevu mkubwa, na wewe geuka, itifaki inaruhusu. Daktari, wewe hasa. Mama, Bibi Rosa, nakuona unachungulia kwa chini ya kwapa. Geuka, mama.

Na mimi nageuka.

Tazameni mlima wetu ulivyo mzuri saa hizi, wingu limekaa juu yake kama kilemba. Nani alikuwa ameutazama tangu tushushwe? Mzee Kondo, usiniambie, najua.

Tulieni. Watoto, kimya. Mnasikia? Hicho si kikohozi. Hizo si kwikwi za kulia, mimi kulia kwake nakujua. Huyo anacheka. Anatucheka sisi, kijiji kizima, na Mkuu wa Wilaya wetu, na daktari na mkoba wake, tumempa migongo kama mbuzi kwenye mvua. Na sauti ile haijapita kwenye kitambaa.

Asigeuke mtu. Nawashukuru kwa kunisikiliza mimi. Sasa, hivyo hivyo mlivyosimama, msikilizeni yeye.